Sketi ya Horebu

Siku jina la Nzilani lilipotolewa Horebu, baba yake alikuwa akishona sare za Horebu.

Aloys Kiema alikuwa ameketi mahali pake pa kila siku, kwenye baraza la duka la vitambaa la Diriye mjini Machakos, miguu juu ya kanyagio, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kimemlalia magotini. Ulikuwa mwezi wa pili, mwaka wa 1998, na wazazi waliochelewa kununua sare walikuwa bado wanamsumbua. Tarishi wa shule akaja kwa baiskeli, akamwambia Mchungaji, mkuu wa shule, anamwita. Kiema akauliza kama ni habari ya kola, maana kola za mwaka huo zilikuwa zimelalamikiwa. Tarishi akasema yeye hakuambiwa kola wala vifungo, ameambiwa fundi aje.

"Enda, fundi," akasema Diriye kutoka ndani ya duka, bila kuinua macho gazetini. "Mchungaji akikuita, hiyo ni kazi ama ni dhambi. Ukirudi utaniambia ni gani."

Kiema akafunika cherehani, akapangusa nyuzi kwenye suruali, akapanda kilima.

Shule ya Kikristo ya Horebu ilijengwa mteremkoni nje ya mji, upande wa kwenda Mwala, na ukuta wake mweupe ulionekana kutoka sokoni. Juu ya lango paliandikwa kwa herufi kubwa: KWANZA MUNGU, KISHA KITABU. Wenye midomo walisema kwamba cha tatu ni kikombe, ila lango lilikuwa limejaa. Horebu ilipenda vikombe. Kila mwaka jina lake lilitokea gazetini kati ya shule zilizofanya vizuri katika mtihani wa darasa la nane, na kila mwaka wanafunzi wake walirudi na vikombe vya riadha wakiimba tenzi ndani ya basi la shule, madirisha wazi, mji mzima usikie.

Nzilani aliingia Horebu kwa miguu yake, na hapo sisemi kwa mafumbo. Alikuwa darasa la sita katika shule ya serikali ya Kwa Mwatu, ng'ambo ya korongo, alipokimbia pekupeku na kuwaacha nyuma wasichana wa Horebu waliovaa raba. Wiki iliyofuata Mchungaji Maundu alifika nyumbani kwa Kiema na gari, akaomba maji, akayanywa, akasema Bwana amempa mtoto huyu kipawa na kipawa kisiachwe kioze. Karo isiwasumbue. Na kwa kuwa baba ni fundi, kazi ya sare ingehamia kwake. Ndunge, mama yake Nzilani, aliyekuwa akichambua ndengu uani, hakungoja mtoto aulizwe. Alikwenda ndani kutafuta viatu vya mtoto.

Kiema aliipenda kazi ile kuliko alivyokubali kusema. Horebu ilikuwa na sheria kwamba msichana havai kaptula, na sketi lazima ipite goti, hata uwanjani. Shule nyingine zilipowaona wasichana wa Horebu wakijipanga kwenye mstari ziliwacheka, zikisema masista wamekuja. Kiema ndiye aliyeona la kufanya. Alificha marinda mapana ubavuni, kushoto na kulia, yakashonwa kwa namna ambayo msichana akisimama sketi imelala kama ya mke wa mchungaji, na akikimbia inafunguka kama mwavuli. Kicheko kikaisha. Ile sketi ndiyo iliyokuwa fahari yake duniani, naye alikuwa na fahari.

*

Mchungaji Maundu alifungua kila kikao kwa maombi, hata kile cha kununua chaki. Akaomba, akaagiza chai, akamsogezea Kiema sahani ya biskuti. Hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa ya upole na alijua majina ya watoto wote. Nyuma ya kichwa chake palikuwa na kabati la kioo, na rafu ya katikati ilijaa vikombe alivyovileta Nzilani.

Alizunguka kidogo. Akasifu kola. Akauliza mvua kwa upande wa akina Kiema. Kisha akaweka kikombe chini.

"Fundi, huyu mtoto tunampenda," akasema. "Lakini hesabu imemkataa. Tumeomba, tumefundisha, imekataa tu."

Akaeleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Alama za Horebu hutoka kwa kila mtoto aliyesajiliwa pale kufanya mtihani; zinajumlishwa, zinagawanywa, kunapatikana wastani. Mtoto mmoja akianguka hesabu, anawavuta wengine wote chini pamoja naye. Kwa hivyo shule ina mpango, na mpango huo si wa Nzilani peke yake. Atasoma hapa hapa, atakula chakula cha mchana hapa, atavaa sare ya hapa. Ila kwenye mtihani atasajiliwa Kwa Mwatu. Kilichobaki ni wazazi wampeleke kule akaandikwe kabla usajili haujafungwa.

"Ni jina tu, fundi," akasema Mchungaji. "Jina ndilo linaenda. Mtoto anabaki."

Kiema alikuwa amelisikia jambo hilo likisemwa sokoni, juu ya watoto wa watu wengine. Akatafuta neno. Neno alilolipata ni kuuliza kama Nzilani ataendelea kukimbia.

Mchungaji akacheka kwa furaha ya kweli. "Na nani amesema aache kukimbia?"

Kiema akamaliza biskuti, akashukuru, akatoka. Alipofika langoni aligundua kwamba ana hasira, na kwamba ameikasirikia biskuti.

Mjini, Diriye alimwuliza ilikuwa kazi au dhambi. Kiema akasema bado hajui, akafunua cherehani.

*

Jioni ile Ndunge alikuwa akirusha ndengu kwenye ungo, zikipanda na kushuka, alipoambiwa. Ungo ukasimama.

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasema asante."

"Asante ya nini, Baba Nzilani?"

"Ya chai."

Ndunge akaurudia ungo kwa nguvu kuliko ndengu zilivyostahili. Alikuwa na haki ya kuona uchungu zaidi ya mumewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyejigamba. Kiema alijivunia sketi. Ndunge alijivunia Horebu. Sokoni alikuwa na namna ya kumwambia mteja, hali akipima ndengu, kwamba afanye haraka kwa sababu binti wa Horebu yuko njiani. Jumapili, wakitoka misa, alimwita Nzilani kwa sauti ili watu wageuke waione sweta. Na Mwalimu Mbula, mkuu wa Kwa Mwatu, Ndunge alikuwa akimpita sokoni bila salamu tangu mtoto ahamishwe, si kwa ubaya, ila hakujua angemwambia nini. Walimtoa mtoto pale bila hata kwenda kuaga.

"Sasa tutaingia kwa Mbula na uso gani?" akauliza. "Si angalau tungeaga."

Nzilani akaingia na mtungi wa maji kichwani, akautua. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye maneno machache, na aliijua mizani ya nyumba ile. Alijua papo hapo kwamba yuko ndani ya mazungumzo. Baba yake akamweleza vile vile alivyoelezwa, akitumia hata upole wa Mchungaji, na mwishoni akajikuta akisema ni jina tu.

Hakulia. Akachota maji kwa kikombe, akanywa.

"Nilijua, nau," akasema, akimwita baba yake kwa Kikamba. "Mwalimu wa hesabu aliacha kunisahihishia tangu tufungue. Ananiambia nipumzishe kichwa, nitunze miguu."

Ungo ukasimama tena. Safari hii haukuendelea.

*

Kwa Mwatu palikuwa vile vile palivyokuwa. Watoto walikuja asubuhi na vibuyu vya maji ya kumwagia sakafu, vumbi lisipande. Madirisha hayakuwa na vioo. Mwalimu Mbula alikuwa akifundisha darasa la nane wakati Kiema, Ndunge na Nzilani walipofika, akawaacha wasimame nje hadi kipindi kikaisha. Ndunge alisema baadaye kwamba ilikuwa makusudi. Kiema alisema ni kazi tu. Nadhani Ndunge alisema kweli, na Mwalimu Mbula alikuwa na haki ya kufanya hivyo.

Alitoka na chaki mikononi, akawasalimu kwa Kikamba, akamshika Nzilani kidevu akamgeuza uso huku na huku kama mtu anayekagua kitu alichokiazimisha kikarudi. Kisha akawauliza wazazi kwa Kiswahili, kile cha ofisini:

"Mnaniletea mtoto ama mnaniletea jina?"

Ndunge akatazama viatu vyake. Kiema akaeleza kwamba mtoto ataendelea kusoma Horebu, ila mtihani ndio…

"Kwa hivyo ni jina."

"Ni jina, mwalimu."

Mwalimu Mbula akapangusa chaki kwenye mapaja, akaifikiria habari hiyo. Akawaambia waziwazi kwamba Horebu inampelekea majina kila mwaka, na kila mwaka anayakubali, kwa sababu mtoto asipoandikwa mahali hatafanya mtihani, na kosa si la mtoto. Wakubwa wa elimu humwuliza kwa nini shule yake inashuka. Yeye hunyamaza. Lakini mengine yote hakuwahi kuyafundisha kwa mikono yake hadi darasa la sita. Hili la leo alilifundisha.

"Nitamwandika," akasema. "Na msikie vizuri, Mama Nzilani, na wewe Baba Nzilani. Akiandikwa hapa ni wangu. Nitamhesabu wangu. Na saa kumi, wakimaliza naye huko juu, apitie hapa nimwone hesabu."

Ndunge akasema asante, na baada ya asante akasema kwamba ile siku walipoondoka walipaswa kuja kuaga. Mwalimu Mbula akajibu kwamba vai thina, hakuna shida, yeye alishaachwa na wenye adabu kidogo kuliko hao. Wanawake wote wawili wakacheka, kicheko kifupi, na jambo likawa limepita. Kiema alidhani lile neno la kuhesabiwa ni neno la heshima, kama watu wanavyomwita kila mtoto mtoto wao. Hakulifikiria tena.

*

Muhula wa pili ulipoanza Horebu ilifanya ibada ya kuwaweka wakfu watahiniwa. Desturi yenyewe ilikuwa nzuri. Kila mtoto wa darasa la nane aliitwa mbele na mzazi wake. Mzazi akamvisha utepe mweupe begani, Mchungaji akamwekea mkono kichwani, akaiombea kalamu yake. Tepe zile Kiema ndiye aliyezishona. Alipopewa hesabu ya tepe alijua mara moja ni nani wamepunguzwa. Akashona zote, akazipiga pasi, akazifunga. Kisha, bila kuamua, akashona mmoja zaidi, akaukunja akautia mfukoni mwa koti.

Yeye na mkewe walikwenda, kwa kuwa wazazi wote walialikwa na kutokwenda kungekuwa kusema kitu. Ndunge alivaa gauni la Krismasi. Nzilani na wenzake wachache ambao majina yao yalikuwa Kwa Mwatu waliketishwa na darasa la saba, mwisho wa benchi, magoti yao yakizidi ya wengine. Majina yakaitwa. Mzazi mmoja baada ya mwingine akainuka, utepe ukavishwa, mkono ukawekwa. Mama mmoja aliyeketi karibu nao akamnong'oneza Ndunge kwamba labda wamemruka kwa bahati mbaya, aende aseme. Ndunge akamwambia wao wataombewa kivyao. Alisema hivyo kwa tabasamu, na Kiema, aliyemjua kwa miaka, aliona lile tabasamu lilimgharimu nini.

Mwishoni Mchungaji akakumbuka. Kusahau kabisa kungekuwa nafuu. Akasema Horebu haijali vichwa tu, inajali na mwili ambao ni hekalu, na mwezi wa saba kuna mashindano ya wilaya. Akamwomba Nzilani asimame.

"Hii ndiyo miguu yetu," akasema kwa upendo, na ukumbi ukapiga makofi.

Nzilani akasimama, akatazama dari, akaketi. Kiema akaufinya ule utepe mfukoni mpaka pasi yote ikaisha.

Njiani kurudi nyumbani wakakaribia korongo. Hapo Nzilani akasema kwamba yeye anapitia Kwa Mwatu, ana hesabu za sehemu, na Mwalimu Mbula hapendi kungojeshwa. Akashuka korongoni mbio, na sketi ikafunguka kama mwavuli. Baba yake akaitazama kazi ya mikono yake ikienda, na kwa mara ya kwanza haikumfurahisha.

*

Mashindano ya wilaya yalifanyika mjini, uwanjani, asubuhi ya baridi kali ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa bado haujainuka milimani. Diriye alimwachia mkewe duka, akafuatana na Kiema na Ndunge, amejifunga shali hadi masikioni, akisema kwamba amekuja kuona kitambaa chake kikikimbia.

Mwaka huo waandalizi walikuwa wamechoka. Mwaka uliotangulia shule moja ilileta mkimbiaji mwenye ndevu, na nyingine ikaazima mtoto wa jirani. Kwa hiyo wakaamua kwamba kila mkimbiaji wa darasa la nane atakimbilia shule aliyosajiliwa kufanya mtihani, kwisha. Waliitangaza sheria hiyo mapema. Shule zote ziliisikia. Horebu pia iliisikia, na ikaipokea kwa shangwe, kwa sababu ilidhani ni sheria ya wezi. Haikuwapitia akilini kwamba inawahusu wao. Jina la Nzilani walikuwa wamelipeleka Kwa Mwatu kwa urahisi kiasi kwamba walisahau limekwenda.

Kipaza sauti kikaita walimu wa Horebu na wa Kwa Mwatu mezani. Baada ya muda kikamwita mzazi wa Nzilani Kiema.

Mezani aliketi mwanamke mwenye kofia ya sufu, mwandalizi wa mbio za wasichana. Upande mmoja alisimama Mchungaji Maundu pamoja na Mwalimu Kilonzo, mwalimu wa michezo wa Horebu, kijana ambaye filimbi yake ilikuwa imegandia midomoni. Upande wa pili alisimama Mwalimu Mbula peke yake, mikono ameikunja kwa baridi. Nzilani alikuwa katikati, pekupeku, na sketi ya Horebu, na beji ya Horebu kifuani.

Mwandalizi akaeleza shida yake. Mtoto mmoja ameandikwa na shule mbili. Kwa sheria ni wa Kwa Mwatu. Lakini mkuu wa Horebu anasema usajili ule ulikuwa makosa ya karani na unarekebishwa. Mzazi akithibitisha kwamba ni makosa, yeye hana haja ya kubishana na mchungaji. Mtoto atakimbilia Horebu na mambo yaishe, wasichana wa mita mia nane wanapigwa na baridi.

Mchungaji akamshika Kiema mkono, akamvuta kando kidogo, si mbali.

"Fundi, waambie tu ni makosa," akasema kwa ile sauti ya upole. "Neno moja. Haya mengine tutayapanga nyumbani. Na sare za mwaka ujao, ningependa tuendelee na mtu tunayeelewana naye."

Kiema alimwelewa. Alielewa kwamba akisema neno hilo kazi inabaki, chakula cha mchana cha Nzilani kinabaki, sweta inabaki. Na mwezi wa kumi na moja ataingia chumba cha mtihani Kwa Mwatu kama jina lisilo na mtu, kama kawaida. Alielewa pia kwamba asiposema, jora la damu ya mzee litaondoka barazani kwa Diriye, na nyumbani watakula ndengu zile zile za Ndunge, zile za kuuza. Akamtafuta mkewe kwa macho. Ndunge alikuwa amesimama nyuma ya kamba pamoja na Diriye, mbali, hasikii kitu. Akarudi mezani, akamwuliza aliyepaswa kuulizwa tangu mwanzo.

"Wewe unasemaje?"

Nzilani akautoa mguu mmoja kwenye nyasi za umande, akaupasha kwa mguu mwingine.

"Mwalimu Mbula huwa ananisahihishia," akasema.

Ni hayo tu. Mwalimu Mbula akageuza uso akatazama ukungu.

"Mchungaji," akasema Kiema, na alishangaa kuona sauti yake imetulia, "uliniambia ni jina tu. Nikakubali. Hawa nao leo wanauliza jina tu. Jina liko Kwa Mwatu. Hakuna makosa. Nililipeleka mwenyewe, na mama yake, na tukashukuru."

Mwalimu Kilonzo akafungua kinywa na filimbi ikaanguka. Mchungaji Maundu hakukasirika, afadhali angekasirika. Akasema taratibu kwamba hapo basi mtoto hawezi kukimbia na sare ya Horebu, na sidhani kama alikusudia kuwa katili. Alikuwa akilinda kilicho chake.

"Ni kweli," akasema Kiema.

Fundi hatembei bila wembe. Akautoa mfukoni mwa shati, umekunjwa kwenye kipande cha khanga, akapiga goti kwenye nyasi mbele ya bintiye, akaifumua beji uzi kwa uzi, polepole, kwa sababu alikuwa ameishona imara. Mwandalizi alitazama saa. Kiema akaiweka beji kiganjani mwa Mchungaji.

"Hii ni yenu," akasema. "Sketi ni yangu. Kitambaa nilinunua kwa Diriye."

Alipotaka kuinuka Nzilani akamgusa bega.

"Nau, na hapa chini."

Akamtazama. Akaitazama sketi, pindo lake lililonyooka, marinda yake yaliyofichwa ubavuni, ile akili yake yote ya kumfanya mtoto akimbie bila kuonekana anakimbia. Kisha akatia wembe juu ya goti na kuuzungusha kwenye sketi yote, na kipande kikamwangukia mkononi. Haikuwa imekatwa sawa. Ilikuwa kazi mbovu kuliko zote alizowahi kufanya hadharani.

Mwalimu Mbula akamsogelea msichana wake, akamweka sawa kishungi cha nywele kilichofumuka, na mkono wake ukakaa pale kichwani kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Hakuomba wala hakusema. Kiema akauona ule mkono. Ule utepe ulikuwa nyumbani, kwenye mfuko wa koti, na akaona hauna kazi tena.

Zikatoka mbio.

Mita mia nane si mbio ndefu, lakini mzazi huzimaliza amechoka kuliko mtoto. Mzunguko wa kwanza Nzilani alikuwa katikati ya kundi, amebanwa. Wa pili akatoka upande wa nje, miguu imeachiliwa, na watoto wa Kwa Mwatu waliokuja wenyewe kwa miguu, bila basi, wakaanza kuliita jina lake kana kwamba hakuwahi kuondoka. Ndunge hakuita. Alikuwa ameishika ile kamba kwa mikono yote miwili. Msichana mmoja wa Masinga, mkubwa, mwenye mabega, akamshinda Nzilani kwa urefu wa mkono.

"Huyo wa kwanza ako na mume nyumbani," akasema Diriye. "Andika hiyo."

Wawili wa kwanza walikuwa wanakwenda mkoani. Ndunge akaiachilia kamba, akaanza kucheka, akaendelea kucheka huku machozi yakimtoka, akisema hizo mbio zilikuwa mbaya sana, mbaya muno, asirudie tena kumkimbilia hivyo. Ng'ambo ya uwanja watoto wa Horebu walikuwa wameketi kimya katika sweta zao, na mmoja wao, msichana wa darasa la nane, akapiga makofi mara chache kabla ya kukumbuka.

*

Jumatatu tarishi akaja kwa baiskeli kuchukua vitambaa. Hakuwa na barua, na haikuhitajika. Kiema akamfungia sare zilizokwisha upande mmoja na ambazo hazijaisha upande mwingine, akamwonyesha ni mkono upi bado haujashonwa ili fundi mwingine asihangaike. Tarishi akasema pole, kwa sauti ya chini, akapanda baiskeli. Diriye alitoka ndani, akasimama mlangoni akaitazama nafasi iliyobaki barazani.

"Sasa najua," akasema. "Ilikuwa dhambi."

"Ilikuwa kazi pia," akasema Kiema.

Hakuwa na cha kushona siku hiyo ila kile kipande alichokikata uwanjani. Akakigeuza, akakipima kwa vidole, akakikunja katikati na kuanza kukitengeneza kifuko cha rula na penseli, chenye mfuniko. Alishona taratibu kuliko kawaida. Kulikuwa na kazi ya soko kesho kutwa, viraka na zipu, na baada ya hapo hakujua.

Saa kumi na moja Nzilani akatokea na sare ya Kwa Mwatu aliyoazimwa, fupi mikononi, vumbi hadi magotini. Alikuwa amehamia huko kabisa asubuhi ile. Akaketi kwenye ngazi za duka, akafungua daftari juu ya mapaja, na baba yake akaona kurasa zimejaa wino mwekundu juu hadi chini.

"Imekuwaje?"

"Amesema ya tatu nirudie. Nimekosea tena."

"Basi rudia," akasema Kiema, akakanyaga kanyagio.